Njia nyepesi ya kumfundisha Kiarabu mwanafunzi wa Ujiji

MWANAFUNZI wa sekondari mjini Ujiji anayechagua somo la Kiarabu hujitwisha mizigo miwili kwa wakati mmoja. Kiarabu ni somo la hiari, na lugha ya kufundishia katika sekondari za Tanzania ni Kiingereza. Akishika kitabu kilichomkusudia msemaji wa Kiingereza, huelezwa kwa lugha ambayo bado anajikongoja nayo mambo ambayo Kiswahili kingeyamaliza kwa sentensi moja.

Mfano ni kitabu mashuhuri cha Durus al-Lugha al-Arabiyya, alichokitunga Dk. V. Abdur Rahim wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kwa ajili ya wasiokuwa Waarabu. Miongoni mwa maneno yake ya mwanzo ni nyumba, msikiti, mlango, kitabu na kalamu. Kwa kijana wa London yote hayo ni mageni. Kijana wa Ujiji ameshayajua matatu kabla hajafungua ukurasa: kitabu ni kitab, kalamu ni qalam, na msikiti ni masjid iliyobadilika sura kidogo.

Ujiji haukukutana na Kiarabu jana. Katikati ya karne ya 19 mji huo ulikuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ukikaliwa na wafanyabiashara wenye asili ya Oman pamoja na Waswahili wa pwani. Richard Burton, aliyefika huko na John Speke Februari 1858, alikijua Kiarabu. Henry Stanley, aliyemkuta David Livingstone hapo mwaka 1871, alifuatana na Selim, kijana wa Yerusalemu, kuwa mkalimani wake. Hata hivyo, lugha iliyowaunganisha Waha, Wamanyema na watu wa pwani ilikuwa Kiswahili. Kiarabu kilibaki zaidi katika ibada, barua na hesabu za matajiri.

Katika ibada ndiko kilikodumu. Chuoni mtoto huanza na alifu na bee, akaunganisha herufi na fataha, kasra na dhamma, hadi akahitimu juzuu 30. Kwa lengo lake, ambalo ni kusoma Kurani kwa usahihi, utaratibu huo haustahili lawama. Lakini kusoma na kufahamu ni mambo mawili. Mhitimu huyo huyo akipewa gazeti la Muscat, lisilowekewa alama za irabu, huenda likamshinda mstari wa kwanza, kwa kuwa asiyejua neno hawezi kujua irabu zake.

Hapo ndipo Kiswahili kinapofaa kuwa daraja. Sokoni Ujiji mtu hununua samaki, sukari na sabuni. Yote matatu yana asili ya Kiarabu, na neno soko lenyewe pia, ingawa dagaa, mgebuka na mawese hayamo. Katika hesabu, sita, saba na tisa ni za Kiarabu, na kuanzia ishirini hadi tisini makumi yote yametoka huko. Anayejifunza kwa Kiswahili hana haja ya kuanza kuhesabu upya. Kazi yake ni kunyoosha matamshi. Hata siku za wiki zina somo: Jumatano ni ya tano kwa hesabu ya Kiswahili inayoanza Jumamosi, na Alhamisi ni ya tano kwa hesabu ya Kiarabu inayoanza Jumapili. Waswahili wana siku mbili za tano katika wiki moja, na hakuna anayechanganyikiwa.

Faida kubwa zaidi iko katika mizizi. Maneno mengi ya Kiarabu hujengwa juu ya herufi tatu zinazotiwa katika vigezo mbalimbali, jambo linalowasumbua sana wageni. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni maktaba, madrasa na mahakama, kisha akauliza yanafanana wapi. Darasa litagundua lenyewe kuwa kigezo hicho hutaja mahali. Akiandika katibu, hakimu na tajiri, litaona kigezo cha mtenda. Mwalimu, msafiri na mhasibu wanahitaji uangalifu: silabi yao ya kwanza ilikuwa mu ya Kiarabu, Kiswahili kikaichukua kama kiambishi chake na kupata walimu, wasafiri na wahasibu. Vivyo hivyo kitabu kikazaa vitabu, ilhali Mwarabu husema kutub.

Sarufi nayo ina nafuu zake. Kivumishi hufuata nomino katika lugha zote mbili na hupatana nayo, tofauti na Kiingereza kinachokitanguliza bila kukibadilisha. Kitenzi cha wakati uliopo hubeba kiambishi cha mtendaji mwanzoni, jambo ambalo kwa Mswahili ni la kawaida kabisa.

Ugumu upo, na hautibiwi kwa kufichwa. Habari, hakimu na hewa huanza kwa h moja katika Kiswahili. Katika Kiarabu ni herufi tatu mbalimbali. Dhahabu, dhuluma na dhamana nazo zina dh tatu. Wengi wa bara husema selasini na zahabu, hivyo huanza nyuma ya mtu wa Unguja. Kalamu na kitabu zina k mbili tofauti, na asiyezitenganisha akikusudia kutaja moyo, qalb, atataja mbwa, kalb.

Yapo pia maneno yaliyohama maana. Sherehe katika Kiarabu, sharh, ni ufafanuzi, si karamu. Rahisi, yaani rakhis, ni kitu cha bei ndogo, si kazi nyepesi. Karibu ni kilicho jirani tu, kwa hiyo Mwarabu asiyekijua Kiswahili akibisha hodi Ujiji na kuambiwa karibu, ataelewa kuwa kuna kitu kiko jirani, na ataendelea kusimama mlangoni.