Onesmo: Maana na Habari za Jina Hili

Majina ya mahali huwa mepesi kuyaeleza kuliko majina ya watu. Aulizaye kwa nini Mikumi ikaitwa Mikumi huonyeshwa miti yenyewe, ile mivumo mirefu isimamayo kama nguzo bondeni, naye huridhika. Walakini aulizaye kwa nini kijana wa Kilosa aitwa Onesmo, mara nyingi hujibiwa neno moja tu, ya kwamba ni jina la Kitabu. Jawabu hilo ni la kweli, lakini ni fupi mno. Yohana, Petro na Yosefu ni majina yasiyoisha midomoni mwa watu; Onesmo ni adimu kuliko hayo, tena limetoka mbali, nalo limepita katika minyororo. Twapenda kueleza habari zake, kwa kuwa wako wazazi wanaolipenda, kisha huzuiwa na jamaa zao wakiambiwa, "Msimpe mtoto jina hilo, ni jina la mtumwa."

Jamaa hao hawasemi uongo. Kwa Kiyunani neno lenyewe ni onesimos, na maana yake ni mwenye kufaa, mtu wa manufaa. Zamani za dola ya Warumi watumwa wengi waliitwa hivyo. Mtu aliyenunua mtumwa sokoni hakuuliza mama yake alimwitaje. Alimpa jina la kuonyesha analolitaka kwake. Baba amwitapo mtoto jina, humtakia heri mtoto. Bwana alipomwita mtumwa wake Mwenye-kufaa, alijitakia heri mwenyewe. Katika hilo ndipo ulipo uchungu wa jina hili, na hatuna haja ya kuuficha.

Onesimo ajulikanaye kuliko wote alikuwa mtumwa wa Filemoni, tajiri wa mji wa Kolosai, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Aliachana na bwana wake, akamfikia Mtume Paulo aliyekuwa kifungoni, akaamini. Ndipo Paulo alipomrudisha, akampa barua mkononi. Waraka ule ni mfupi sana, una aya 25 tu, lakini ndani yake Paulo alicheza na jina lenyewe kwa busara kubwa. Alimwambia Filemoni kwamba mtu huyu hapo kwanza hakuwa wa kumfaa, bali sasa awafaa wote wawili; kisha akamwomba ampokee, si kama mtumwa tena, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa. Basi jina halikubadilika hata herufi moja, ila maana yake iligeuzwa. Kufaa kwa chombo kukawa kufaa kwa ndugu. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya pili, Ignatio wa Antiokia alipokuwa akipelekwa Roma kuuawa, aliwaandikia Wakristo wa Efeso, akamtaja askofu wao, jina lake Onesimo. Jina la sokoni lilikuwa limekwisha kufika kwenye kiti cha askofu.

Mtu asidhani kwamba desturi ya kuwabandika watumwa majina ilikuwa ya Warumi peke yao. Njia kuu ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi yetu hii. Ilikata mbuga ya Mkata, ambayo upande wake wa Mikumi ni hifadhi ya wanyama tangu mwaka 1964, tena ilifuata bonde la mto Mkondoa karibu na Kilosa, ikapanda milima ya Usagara. Kwa njia hiyo pembe za ndovu na watu vilishuka pwani. Waliofika pwani walipewa majina mapya, na mengi yalikuwa mazuri kwa kuyasikia: Farijala, Mabruki, Baraka, Feruzi, Almasi. Feruzi na almasi ni mawe ya thamani. Lakini nani hujisifia jiwe la thamani, kama si yule aliyelinunua?

Tumtazame mmoja tu wa watu hao. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke walipita bonde la Mkondoa wakienda kulitafuta ziwa la Tanganyika, na katika msafara wao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa bahari mpaka Bara Hindi, na baada ya miaka mingi akarudi Afrika akiwa huru. Alisafiri tena na Speke mwaka 1860, akawa msimamizi wa watu wa Stanley mwaka 1871, na wa Cameron mwaka 1873. Alivuka Afrika kutoka pwani hata pwani. Mubarak maana yake ni mbarikiwa. Bombay ni mji wa Wahindi. Dunia yamjua kwa majina hayo mawili, wala hakuna hata moja kati ya hayo alilopewa na mama yake.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara utumwa haukukoma siku ile. Katika Tanganyika sheria ya kuukomesha kabisa ilitoka mwaka 1922. Katikati ya miaka hiyo palikuwa na watu wengi waliokombolewa au waliotoroka, wasio na ukoo wa kuwapokea. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha kijiji cha watu wa namna hiyo Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1877 wakafungua kituo Mhonda, upande wa kaskazini wa nchi yetu. Wamisionari wa CMS nao walikwenda Mpwapwa mwaka 1876, kisha wakakaa Mamboya katika milima ya Ukaguru. Katika vituo kama hivi, mtu aliyekuwa akiitwa kwa jina la bwana wake alipata nafasi ya kuitwa kwa jina jingine, mbele ya mashahidi. Tusilidharau jambo hilo. Kwa mtu aliyenyang'anywa jina, kupewa jina ni kuhesabiwa tena kati ya watu.

Sasa tutoke kidogo katika nchi yetu, tuwatazame Waafrika wawili walioitwa Onesimo. Wa kwanza alipewa jina hili na bwana wake. Wa pili alilipata siku ya ubatizo wake, akiwa huru.

Yule wa kwanza alikuwa mtumwa katika mji wa Boston, Marekani. Mwaka 1706 alipewa mchungaji Cotton Mather kuwa zawadi kutoka kwa washarika wake, na Mather ndiye aliyemwita Onesimus. Bwana huyu alipomwuliza kama amepata kuugua ndui, alimjibu kwamba huko kwao Afrika alikwisha kuchanjwa: walichukua usaha kidogo wa mgonjwa, wakamtia katika ngozi iliyokatwa, akaugua kidogo, akawa salama maisha yake yote. Ndui ilipouvamia mji ule mwaka 1721, Mather aliwaeleza waganga habari hiyo, na mganga mmoja, Zabdiel Boylston, akakubali kujaribu. Watu wakakasirika mno. Lakini hesabu ilisema yenyewe. Waliougua ndui katika mji walizidi 5,000, na zaidi ya 800 wakafa. Katika watu 240 hivi waliochanjwa, walikufa 6 tu. Mather alimpa jina la Mwenye-kufaa akitumaini kufaiwa nyumbani mwake. Mtu yule akaufaa mji mzima kwa elimu aliyotoka nayo Afrika.

Yule wa pili ni jirani yetu zaidi. Karibu na mwaka 1856, katika nchi ya Waoromo magharibi mwa Ethiopia, alizaliwa mtoto, jina lake Hika. Kwa Kioromo Hika maana yake ni mfasiri. Alitekwa angali mdogo, akauzwa kutoka mkono hata mkono, hata akafika Massawa, bandari ya bahari ya Sham. Huko alipewa uhuru mwaka 1870, akapokewa katika shule ya wamisionari wa Kiswidi. Siku ya Pasaka ya mwaka 1872 alibatizwa, akaitwa Onesimos. Ndiye Onesimos Nesib. Alipelekwa kusoma Uswidi, akarudi, akaanza kazi ya kuitia Biblia katika lugha ya kwao. Alikuwa ametengwa nayo tangu utoto, kwa hiyo alisaidiwa sana na Aster Ganno, binti wa Kioromo aliyekuwa naye amekombolewa utumwani. Agano Jipya lilipigwa chapa mwaka 1893, na Biblia nzima mwaka 1899. Mwaka 1904 alifika Nekemte, akafundisha watu kusoma kwa lugha yao wenyewe, na huko alifariki mwaka 1931. Tazama, wasomaji, ginsi majina yake mawili yalivyokutana: alizaliwa Mfasiri, akabatizwa Mwenye-kufaa, na akawafaa watu wake kwa kufasiri.

Leo huko Ulaya jina hili ni adimu. Wafaransa husema Onésime, Wahispania Onésimo, Warusi Anisim, na si wengi wanaowapa watoto wao. Katika Tanzania limepata makao mema zaidi. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilipokwisha kupigwa chapa mwaka 1891, watu walianza kujitafutia wenyewe majina ya ubatizo, wala hawakukomea kwa mitume na wafalme. Walifika hata kwenye nyaraka fupi za mwisho. Vinywa vyetu vililifupisha jina, irabu moja ikaanguka, na Onesimo wa Kitabu akawa Onesmo wa kijijini. Nadhari yetu ni kwamba lilipendeza kwa sababu lafanana na majina yetu ya asili. Sisi hatukuzoea majina yasiyosema kitu. Mtoto huitwa Masika kwa kuwa mvua ilinyesha, Mashaka kwa kuwa mama yake aliona taabu, au hupewa jina la babu ili babu asisahauliwe. Jina lenye maana ya kufaa haliwezi kuwa geni kwa watu kama hao.

Basi tuwajibu nini jamaa wazuiao? Kwanza, tukubali kwamba wasema kweli juu ya asili yake. Pili, tuwaulize wao waogopa nini. Katika vijiji vilivyokuwa juu ya njia ya misafara, ziko nyumba ambazo mzee wake wa kwanza aliletwa, hakuja. Akaachwa njiani kwa ugonjwa, au alibadilishwa kwa chakula wakati wa njaa, akaingizwa katika ukoo wa watu. Habari hizo husemwa kwa kunong'ona, tena watu wakigombana mpakani mwa shamba hutolewa kama kisu. Anayeaibishwa kwa maneno hayo hakumtenda mtu ubaya wo wote, wala babu yake hakumtenda. Aibu ya utumwa ni ya aliyeuza na aliyenunua.

Kwa hiyo mzazi akipenda kumwita mwanawe Onesmo, na amwite bila hofu. Ila asimpe jina tupu. Mtoto akifikia umri wa kuuliza, aelezwe yote: soko, barua, ndui ya Boston, na mfasiri wa Waoromo. Tena aambiwe mapema kwamba kufaa si kutumiwa. Mtu hutumiwa na bwana asiyemwuliza shauri. Bali huwafaa ndugu zake kwa hiari yake, kama mtu huru.