Akiba ya miguu minne

KATIKA kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi 2013, akiba huhesabiwa kwanza kwa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Hoja ya mfugaji ni nyepesi: mnyama huzaa kwa halali, ilhali fedha ikizaa ni riba, nayo riba imeharamishwa katika Uislamu. Mbuzi huuzwa kwa haja ndogo kama karo. Ngamia, astahimiliye kiu, huwekewa siku za dhiki. Mali hiyo pia hutolewa zaka: mwenye kondoo au mbuzi 40 hutoa mmoja.

Mijini, wanawake wengi hutegemea ayuuto, au hagbad, ambao ni upatu wa Wasomali. Kila mwanachama huchanga kiasi sawa, na zamu ikimfikia huchukua fungu lote bila riba. Dhamana yake ni uaminifu. Anayekiuka huaibisha jamaa zake.

Mnamo 2008, benki za Gulf African na First Community zilianza kazi nchini kwa kufuata sharia ya Kiislamu, na kumwondolea mwekaji kikwazo cha riba.

Hata hivyo, ukame wa 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo zaidi ya milioni 2 nchini. Aliyechelewa kuuza alikuta bei imeanguka, kwani mnyama aliyekonda hana mnunuzi. Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Ya miguu minne haiozi, ila hufa kwa kiu. Busara ni kuigawa mapema, kabla ya malisho kukauka.