Walimu wa Muda katika Delta ya Rufiji: Kutoka Azimio la Musoma hadi Elimu Bila Ada

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kutoa maamuzi mawili kuhusu elimu ambayo ni nadra kusomwa pamoja. La kwanza lilitaka kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe ameandikishwa darasani ifikapo mwaka 1977, badala ya 1989 kama ilivyopangwa awali. La pili lilifunga njia ya moja kwa moja kutoka kidato cha sita hadi chuo kikuu: kijana alipaswa kwanza kufanya kazi na kuthibitishwa na wenzake kazini pamoja na chama, ndipo aombe nafasi ya masomo ya juu. Kwa hiyo aliyemaliza kidato cha sita alihesabiwa kuwa hajaiva kuketi katika ukumbi wa mihadhara, ilhali aliyemaliza darasa la saba, naye bado kijana mdogo, alihesabiwa kuwa ameiva kusimama mbele ya ubao. Kinaya hicho hakikuwa kosa la uandishi. Maamuzi yote mawili yalitokana na imani ile ile iliyoelezwa katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, kwamba kazi ndiyo inayomfunda mtu.

Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo havingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa miaka mitatu. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kuwachukua wahitimu wa darasa la saba na kuwafundisha ualimu huku wakifundisha. Mwanagenzi alishika darasa kwa sehemu ya siku na kusoma kwa sehemu iliyobaki, akitegemea vijitabu vilivyoletwa kwa posta, vipindi vya redio na msaada wa wakufunzi waliowatembelea au kuwakusanya mara kwa mara. Mafunzo yalichukua takriban miaka mitatu. Mbinu yenyewe haikuwa ngeni. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi ilipopata uhuru wake mwaka 1975, ilikwisha kuwafundisha watu wazima kwa njia ya posta. Kupitia mlango huo wa pembeni, mbinu iliyowahi kutumiwa na taasisi ya chuo kikuu iliwafikia vijana ambao Azimio lenyewe lisingewaruhusu kukikaribia. Tangu mwaka 1976 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpango huo uliandikisha wanagenzi zaidi ya 40,000. Wananchi waliwaita walimu wa UPE, na jina hilo halikukaa muda mrefu bila kubeba kejeli.

Katika Wilaya ya Rufiji mpango huo ulikuta ardhi iliyokwisha kuvurugwa. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikiwahamisha wakazi wa bonde la mafuriko kwenda katika vijiji vya ujamaa kwenye nyanda za juu. Shule, zahanati na maji ya bomba ndivyo vilivyotajwa kuwa malipo ya kuhama. Mashamba, hata hivyo, hayakuhama. Mpunga na kilimo cha mlau, yaani kile kinachofuata maji yanaporudi mtoni, vilibaki bondeni, na familia ziliendelea kurudi huko kwa miezi kadhaa kila mwaka na kuishi katika madungu, nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo ili kuepa maji na wanyama. Mtoto alikwenda na wazazi wake, kwa kuwa kuamia ndege mpunga unapoanza kutoa masuke ni kazi ambayo mtoto anaiweza na ambayo haingoji likizo. Kwa mtazamo wa wizara, huo ulikuwa utoro. Kwa mtazamo wa kaya, ilikuwa ni chakula cha mwaka.

Hali katika delta yenyewe ilikuwa ngumu zaidi. Vijiji vya Salale, Mbwera, Kiongoroni, Maparoni, Jaja na Twasalie vimetawanyika kati ya mifereji na misitu ya mikoko iliyo mikubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Safari hutegemea mtumbwi au mashua, na saa ya kuondoka hupangwa na maji kujaa na kupwa. Makao makuu ya wilaya yalikuwa Utete, ng'ambo ya mto, hivyo mwalimu aliyefuata mshahara au barua ya uhamisho aliacha darasa kwa siku kadhaa. Si ajabu kwamba aliyepangiwa delta kutoka mikoa ya mbali aliitazama kama kituo cha kupita. Hapo ndipo maneno yanapogeuka maana. Mwalimu aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu alikuwa, kwa kijiji, mtu wa muda. Mwanagenzi aliyechukuliwa hapo hapo, ambaye cheo chake serikalini kilikuwa cha kubahatisha, ndiye aliyekuwa na sababu zote za kubaki: shamba lake, nduguze na mashua yake vilikuwa hapo. Alijua pia ni wiki gani darasa litakuwa tupu na kwa nini.

Dai hilo halipaswi kuvutwa kupita kiasi. Wakosoaji wa UPE walikuwa na hoja nzito. Mtu aliyesoma miaka saba hawezi kufundisha hesabu za darasa la saba kwa wepesi, na maarifa kuhusu jinsi mtoto anavyojifunza, ambayo chuoni huitwa saikolojia ya elimu, hayapatikani kwa kijitabu na redio yenye betri iliyokwisha. Wanagenzi wengi waliingia darasani wakirudia walivyofundishwa wao, pamoja na kiboko. Lakini lawama ya kushuka kwa elimu imebebeshwa mabega yasiyostahili kuibeba peke yake. Miaka ile ile ambayo walimu hao walikuwa wakipata uzoefu, nchi iliingia katika vita na Uganda (1978–1979), kisha katika msukosuko wa uchumi uliokausha vitabu, chaki na thamani ya mshahara. Hakuna mwalimu, awe na shahada au bila shahada, ambaye angefundisha vizuri katika mazingira hayo.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilipofanya cheti cha Daraja A kuwa kiwango cha chini cha mwalimu wa shule ya msingi, walimu wa UPE walijikuta wakitakiwa kuanza upya. Watu waliokuwa wamefundisha kwa karibu miaka ishirini waliambiwa kwamba walichokuwa wakifanya kilikuwa cha mpito.

Mpito huo, hata hivyo, ulirudi mara mbili. Ada ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002, mafunzo ya Daraja A yaligawanywa: mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni, mwanafunzi wa ualimu akihesabika tayari kuwa mwalimu. Kisha mpango wa sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, ulizaa shule za kata kwa kasi iliyoshinda vyuo vyote. Wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya takriban mwezi mmoja na leseni ya kufundisha. Mitaani waliitwa Voda Fasta, kwa mfano wa huduma ya kuongeza salio la simu papo hapo. Tofauti na wanagenzi wa 1976, hawa hawakuwa wa kijiji. Walipangiwa vituo kutoka mbali, na wengi wao walitazamia kwenda chuo kikuu nafasi ikipatikana. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya kivuko cha Ndundu, liliisogeza mikoa ya kusini karibu na Dar es Salaam, lakini visiwa vya delta vilibaki vikisubiri maji kujaa. Muundo wa 1976 uliuweka udhaifu wote katika elimu ya mwalimu na kuuacha uhusiano wake na kijiji uwe imara. Ule wa leseni ulidhoofisha vyote viwili kwa pamoja.

Aina ya tatu, mwalimu wa kujitolea, haikuanzishwa na sera yoyote. Pengo lilipobaki, wazazi walichanga wakamlipa kijana wa kijijini posho ndogo, pengine kwa mpunga au samaki. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango kuanzia Januari 2016, uliwaondolea wazazi mzigo wa kweli. Uliondoa pia, bila kukusudia, mfuko uliomlipa kijana huyo, wakati ule ule madarasa yalipofurika watoto wapya. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulifafanua kwamba mchango wa hiari unawezekana kwa kibali, lakini mwalimu mkuu aliyeogopa kuchukuliwa hatua hakuwa na haraka ya kuomba kibali hicho.

Kwa mtafiti wa historia ya elimu ya Rufiji, jambo hilo lina athari ya moja kwa moja katika vyanzo. Hesabu za wilaya huandikwa kutokana na orodha ya malipo ya serikali, na mwalimu wa kujitolea hayumo humo. Mwandiko wake hutafutwa kwingine: katika daftari la mahudhurio ya darasa la kwanza, katika mihtasari ya kamati ya shule, na katika madaftari ya wanafunzi wenyewe, pale yaliponusurika na unyevu wa delta.