Machifu katika Kiti cha Spika

Katika zama za ukoloni mji wa Dar es Salaam uligawanywa kwa kanuni za ujenzi kuwa mafungu matatu: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, na Kariakoo upande wa magharibi, ambako Waafrika walijenga nyumba zao. Jina lenyewe la Kariakoo ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi mahali pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja wa Mnazi Mmoja usiojengwa, ili watu wa rangi mbalimbali wasichanganyike. Katika New Street, ambao leo waitwa Mtaa wa Lumumba, chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Upande wa pili wa mji, karibu na Bustani ya Mimea, ulisimama Ukumbi wa Karimjee, ambamo Baraza la Kutunga Sheria, na baadaye Bunge, lilifanya vikao vyake. Mwendo kati ya nyumba hizi mbili ni mfupi kwa mtu wa miguu, lakini kwa desturi za siku zile ilikuwa safari ndefu.

Historia yetu imezoea kusimulia habari za waliosafiri safari hiyo kutoka Kariakoo. Nia ya insha hii ni kumtazama mtu aliyeufikia ukumbi kwa njia ya pili, yaani njia ya nasaba: Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe. Maisha yake yanatuuliza swali moja: mtu aliyezaliwa kutawala hupata nini, na hutoa nini, anapokubali kuwa mtumishi wa kanuni?

Babu yake, Mtwa Mkwawa, aliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ilitekwa mwaka 1894, naye akapigana vita vya msituni hata mwaka 1898, alipojiua asije akashikwa. Kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ikirudishe, lakini ilipita miaka 35 kabla haijatimia. Chini ya Waingereza kiti kilirudi kwa Sapi, mwana wa Mkwawa, na mwaka 1940 kikamfikia Adam. Yeye ndiye aliyekabidhiwa fuvu la babu yake na Gavana Twining huko Kalenga, tarehe 19 Juni 1954. Siku 18 baadaye TANU ilianzishwa. Hivyo katika mwaka mmoja, tena katika muda usiofika majuma matatu, heshima ya kale ilirudishwa Uhehe na nguvu mpya ikazaliwa Dar es Salaam.

Serikali ya kikoloni ilitumaini kwamba ya kwanza ingeizuia ya pili. Waafrika wawili wa kwanza kuingizwa katika Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1945, walikuwa machifu, Abdiel Shangali na Kidaha Makwaia, na Adam Sapi aliwafuata. Hawakuchaguliwa na mtu. Waliteuliwa na Gavana. Mwaka 1957 machifu wakaitwa Mzumbe kufanya mkutano wao, ili wawe ukuta mbele ya chama cha siasa. Ukuta ule haukusimama. Katika uchaguzi wa 1958, ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, waliojitokeza kwa msaada wa TANU walishinda. Miongoni mwao alikuwa Chifu Abdallah Fundikira, Mtemi wa Unyanyembe, msomi wa Makerere. Mwaka 1959 alikuwa mmoja wa mawaziri watano wa kwanza waliochaguliwa na wananchi.

Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Spika alikuwa Bwana Abdulkarim Karimjee, aliyepata kuwa Meya wa Dar es Salaam, mzaliwa wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kihindi wenye mashamba makubwa ya mkonge. Na ukumbi wenyewe ulikuwa hiba ya ukoo huo. Mwishoni mwa 1962 kiti chake kilichukuliwa na Adam Sapi, Mwafrika wa kwanza kukikalia. Muda mfupi baadaye, mwaka 1963, Bunge hilo hilo likapitisha sheria ya kufuta uchifu. Msomaji na atafakari jambo hili. Mjukuu wa Mkwawa alikuwa Spika wa Bunge lililoondoa cheo alichokirithi kwa babu yake, na kwa desturi ya kiti chake hakuwa na ruhusa ya kushiriki katika mjadala.

Tena kuna ajabu nyingine. Adam Sapi alishika kiti hadi 1973. Akafuatwa na Chifu Erasto Mang'enya hadi 1975. Kisha akarudi yeye mwenyewe hadi 1994. Kwa hiyo nchi iliyofuta uchifu ilikuwa na chifu juu ya kiti cha Bunge lake kwa zaidi ya miaka 30. Haikuwa bahati tu. Mtu aliyelelewa barazani, akazoea kusikiliza wadaawa wawili kabla ya kufungua kinywa, alikuwa na elimu ambayo chama kichanga hakikuweza kuitengeneza kwa haraka. Taifa lilitupa cheo, likahifadhi adabu yake.

Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, na yatupasa kuuliza mshindo wa kimya hiki ulikuwa upi. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1968 wabunge kadhaa walipoteza viti vyao kwa sababu walifukuzwa chamani. Mwaka 1975 katiba ikatamka kwamba chama ndicho chenye mamlaka ya juu. Kanuni ziliendelea kutunzwa vizuri, huku nguvu ya nyumba iliyotunzwa ikipungua. Fundikira alichagua njia nyingine: alitoka serikalini mwaka 1963, akapinga mfumo wa chama kimoja, akabaki nje ya siasa miaka mingi. Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992 alionekana tena akiongoza chama cha UMD, kisha baadaye akarudi katika Chama cha Mapinduzi.

Wako watakaosema kwamba mmoja alikuwa mtiifu na mwingine mkaidi. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Nasaba iliwapa wote wawili sauti kabla hawajachaguliwa na mtu yeyote. Na wote wawili waliingia katika nyumba ambayo sauti ya nasaba haina uzito. Adam Sapi aliitoa sauti yake iwe dhamana ya wengine kusikilizwa, na tendo hilo lilifundisha Bunge letu utaratibu. Fundikira aliishika yake, akalipa kwa kupoteza nafasi. Bunge lahitaji wote wawili: msimamizi asiyesema, na mbunge asiyenyamazishwa. Palipokosekana wa pili, subira ya wa kwanza ilibaki kulinda utaratibu wa mjadala uliokwisha amuliwa mahali pengine.

Adam Sapi alifariki mwaka 1999. Bunge lilikuwa limekwisha hamia Dodoma, na Ukumbi wa Karimjee ukabaki Dar es Salaam, nusu ya safari kati ya bahari na Kariakoo katika fikra za wanaoikumbuka historia yake. Wanafunzi wa siasa waupitiao wasiuone kama jengo la tajiri mmoja au la chama kimoja. Ndani yake mwana wa wafanyabiashara, watemi wawili na watu wa New Street walijaribu jambo gumu: kukaa chini ya kanuni moja isiyomjua mtu kwa babu yake.