Sifuri na Nafasi Tupu

Ilikuwa Julai, katika miezi yetu ya baridi hapa Kamina. Tulikuwa tumeketi mbele ya mbabula, makaa yamekolea, mjukuu wangu amejitanda kitenge mpaka masikioni. Akanisogezea simu yake. Pichani vijana wa rika lake walikuwa wamesimama juu ya barafu wakiitoboa kwa mtambo mrefu. Ni Svalbard, visiwa vya Norwei, nyuzi 78 kaskazini, ambako tangu 1993 kuna chuo kinachopokea hata wanafunzi ambao hawajamaliza digrii ya kwanza. Mmoja wao alikuwa na bunduki begani. Kule hutoki nje ya mji bila kujihami na dubu weupe.

"Kambo," akaniambia, maana huku Katanga babu ni kambo, "hawa wako mwaka wa pili kama mimi. Wanapima hewa ya dunia. Sisi tunapima nini?"

Nilifundisha jiografia miaka mingi, kwa hiyo nilianzia mbali kidogo, kwa Karl Weyprecht. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Austria. Meli yake ilinaswa na barafu ya kaskazini, na mwaka 1874 akarudi kwao akiwa amechoshwa na mashindano ya mataifa ya nani atafika mbali zaidi. Kila msafara, alilalamika, unapima kivyake, kwa saa zake, kisha unaondoka. Alitaka watu watulie, kila kundi katika kituo chake, wapime mambo yaleyale kwa wakati mmoja, mwaka mzima. Alifariki 1881. Mwaka uliofuata mataifa yakaanza kazi hiyo, na mwaka huo wa vipimo ukaitwa Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia, 1882 hadi 1883.

Wa pili ulikuja miaka 50 baadaye, 1932 hadi 1933, na safari hii na sisi tumo. Wabelgiji walifungua kituo cha kupima usumaku wa dunia Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa ajili ya mwaka huo wa barafu. Mjukuu wangu alicheka. Barafu ya Katanga si ile ya kwenye friji tu? Lakini fikiri: kule kaskazini sindano ya dira hutetemeka usiku mianga inapocheza angani. Utajuaje kama imetikisika kule tu au dunia nzima, kama hakuna mtu anayeitazama sindano nyingine saa ileile, mbali na barafu? Ushahidi wa kaskazini ulihitaji shahidi wa kusini.

Kamina nayo ilikuwa na sababu zake za kutazama mbingu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wabelgiji walijenga kambi kubwa ya jeshi hapa, na katika miaka ya 1950 wakawafundisha marubani wao humo. Rubani haruki bila kuuliza habari za mawingu. Kisha ikaja 1960, mwaka wa uhuru. Wazungu wengi waliondoka, vita vikafuata, na kote Kongo vituo vingi vya kupima mvua vikanyamaza. Ukitazama majedwali ya zamani unaona tarakimu zinashuka safu kwa safu, halafu weupe wa karatasi.

Mimi nilijifunza kuuogopa weupe huo nikiwa mwanafunzi Lubumbashi, miaka ya 1970. Nje ya mji, Luiswishi, Profesa François Malaisse na wenzake walikuwa wakiuchunguza msitu wa miombo: mvua yake, moto wake, vichuguu vyake, hata uzito wa majani yanayodondoka. Nilirudi Kamina nimeshikwa na ugonjwa huo wa kupima. Nikasimika kipimamvua uani, mbali na mwembe, nikanunua daftari. Milimita moja ni lita moja juu ya kila mita mraba, hesabu ya mtoto wa shule. Kazi ni kuamka.

Sheria ni moja. Ukikuta chombo kikavu, andika 0. Usipofika, chora mstari. Sifuri ni habari. Mstari ni kukiri kwamba hukuwepo.

Niliivunja mara moja. Nilikwenda kwenye matanga Bukama, siku tano, mwishoni mwa Septemba. Niliporudi chombo kilikuwa kikavu na mvua zilikuwa hazijaanza, au ndivyo nilivyodhani, nikaandika sifuri tano. Jioni mama jirani akapita: "Mwalimu, hukuniletea pole? Mvua ya Jumatano imeniangushia ukuta wa jikoni." Jua la siku zilizofuata lilikuwa limekausha ushahidi wangu. Ukurasa huo bado upo, sifuri tano zimekatwa kwa kalamu nyekundu.

Mjukuu wangu aliukuta usiku ule, akaupitisha kidole. "Na mistari hii ya Machi?"

"Malaria."

Hakusema zaidi. Alfajiri nilisikia mlango wa uani. Mvua ya Julai hapa Kamina haipo, hata mbuzi wanajua. Nilimwona dirishani, kitenge mabegani, ameinamia chombo akikimulika kwa simu. Alimtoa buibui, akachungulia tena mpaka chini. Kisha akafungua daftari, akaandika 0.