Majina Manne: Historia ya Mwanamke Mweusi katika Wimbo wa Nina Simone

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, jina la mhusika halichukuliwi kijuujuu. Jina linaloafikiana na tabia ya mhusika huitwa majazi, nalo lile analojibandika au analopachikwa na watu huitwa lakabu. Tofauti hii ina uzito mkubwa katika wimbo "Four Women", uliotungwa na Nina Simone na kutolewa mwaka 1966. Wimbo una wahusika wanne, wote wanawake weusi wa Marekani. Kila mmoja hueleza rangi ya ngozi yake na maisha yake, kisha hutaja jina analoitwa. Wimbo hauitaji serikali, haudai sheria wala hauwaiti watu kwenye maandamano. Hata hivyo ni wimbo wa upinzani, na makala hii inashikilia kwamba upinzani wake umo katika majina hayo manne.

Nafasi ya wimbo huu hudhihirika ukilinganishwa na tungo zilizoutangulia. Mwaka 1939 Billie Holiday alirekodi "Strange Fruit", wimbo unaohusu miili ya watu weusi walionyongwa na magenge ya wazungu. Humo nafsineni hutazama kwa mbali, nao waliouawa hawana kauli. Simone mwenyewe alitunga "Mississippi Goddam" baada ya kuuawa kwa Medgar Evers mwezi wa Juni 1963, na kulipuliwa kwa kanisa mjini Birmingham, Alabama, Septemba 15 mwaka huohuo, ambapo wasichana wanne walipoteza maisha. Wimbo huo unalikabili taifa zima kwa ghadhabu ya wazi. Katika "Four Women" mtunzi anabadilisha mkakati: anamwachia mwanamke mweusi nafsi ya kwanza, ajieleze mwenyewe.

Wa kwanza ni Aunt Sarah, mwanamke mweusi tititi mwenye mgongo wa kuhimili mateso. Hapa msomaji wa Kiswahili anaweza kupotoka kwa urahisi. Akilifasiri jina hilo kuwa "Shangazi Sarah", atakuwa amempa mhusika heshima ambayo wimbo haumpi, kwa kuwa katika jamii za Waswahili kumwita mtu mzima kwa jina la ujamaa ni adabu. Kusini mwa Marekani mambo yalikuwa kinyume. Mzungu alimwita mwanamke mweusi mzee "Aunt" ili asilazimike kumwita "Bibi" kama alivyowaita wanawake wa rangi yake. Neno la udugu liligeuzwa kuwa chombo cha kunyima heshima. Mwaka 1889 lilitiwa hata kwenye biashara, pale unga wa chapati za maji ulipopewa jina la Aunt Jemima na kuuzwa kwa sura ya mtumishi mweusi mwenye tabasamu. Jina hilo liliondolewa sokoni mwaka 2021.

Kwamba suala hili halikuwa la adabu tu kunathibitishwa na kesi ya Mary Hamilton. Mwaka 1963, katika mahakama ya Gadsden, Alabama, mwanaharakati huyu alikataa kujibu maswali ya kiongozi wa mashtaka aliyemwita "Mary" bila ya "Bi". Alihukumiwa kifungo cha siku 5 na faini ya dola 50 kwa kuidharau mahakama. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo. Aunt Sarah alisikika miaka miwili tu baadaye.

Wa pili ni Saffronia, jina linaloleta taswira ya zafarani na rangi yake ya manjano. Yeye ni mtoto wa tajiri mzungu aliyemnajisi mama yake. Historia yake inarudi nyuma hadi mwaka 1662, wakati koloni la Virginia lilipopitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama. Mtoto wa mtumwa alikuwa mtumwa, hata baba yake angekuwa bwana mwenye shamba. Kwa sheria hiyo unajisi uliongeza mali ya mnajisi. Ndoa kati ya mweusi na mzungu, kwa upande mwingine, iliendelea kuharamishwa katika majimbo kadhaa hadi hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1967. Jina la Saffronia ni rangi tu. Ukoo wa baba haumo.

Sweet Thing, wa tatu, ni mwanamke anayeuza mwili wake. Jina lake lina maana ya "kitu kitamu": linamtoa katika ngeli ya watu na kumtia katika ngeli ya vitu. Wa nne, Peaches, anaitwa kwa jina la tunda tamu ilhali maneno yake ni machungu. Kinaya hiki ndicho kilele cha wimbo. Peaches anasema wazazi wake walikuwa watumwa. Utumwa ulikomeshwa kikatiba mwaka 1865, na mwana wa watumwa angekuwa mkongwe mwaka 1966. Lakini anayesikika ni mwanamke aliye tayari kupigana. Wakati katika wimbo huu haufuati kalenda. Hasira inarithiwa kama inavyorithiwa ngozi.

Wimbo ulipotoka, baadhi ya vituo vya redio vya New York na Philadelphia vilikataa kuupiga, kwa hoja kwamba uliwatusi wanawake weusi. Hoja hiyo ilipuuza mpangilio wa beti. Jina huja mwisho, baada ya ushahidi. Msikilizaji aliyezoea kulijua jina bila ya kumjua mtu analazimishwa kumsikia mtu kwanza, na jina linapotajwa huwa limekwisha kushtakiwa.

Hata hivyo mhakiki asiharakishe kuuita wimbo huu wa ukombozi. Mtunzi, aliyezaliwa Eunice Waymon mwaka 1933, alijichagulia jina la Nina Simone mwaka 1954 ili mama yake, mhubiri wa Kimethodisti, asijue kwamba binti anapiga piano baani. Wahusika wake hawakupata nafasi hiyo. Hata Peaches, anayelitoa jina lake kwa ukelele, anapaza jina alilopachikwa. Mary Hamilton alirudishiwa "Bi" yake na mahakama. Wanawake wanne wa wimbo huu hawakurudishiwa chochote, na Simone hakuwabunia majina mapya ya kuwafariji wasikilizaji. Aliyaacha yaleyale ya zamani, yasikike yalivyo.