Dubina: Makazi ya Wacheki, Kaunti ya Fayette, Texas

Familia za kwanza zilifika hapa Novemba 1856. Zilitoka Moravia, iliyokuwa chini ya dola ya Austria, na kuingia Texas kupitia bandari ya Galveston. Usiku wao wa kwanza hawakuwa na paa. Mvua ya barafu ilipowashukia, walijibanza chini ya mialoni hadi kulipokucha. Dubina hutajwa kuwa makazi ya kwanza Texas kuanzishwa na Wacheki watupu.

Walilima, pamba ikastawi, na kijiji kikapata duka, karakana ya mhunzi na kinu cha kuchambua pamba. Kisha reli ikapita kwingine, na wengi wakahamia Weimar na Schulenburg. Moto wa 1912 ulimaliza sehemu kubwa ya kilichobaki.

Kanisa la Watakatifu Cyril na Methodius lina kisa chake. Lile la awali liliangushwa na dhoruba ya 1909, lakini msalaba wake wa chuma ulinusurika, nao ndio ulio juu ya mnara wa kanisa hili. Aliyeufua ni Tom Lee, mhunzi aliyewahi kuwa mtumwa. Historia ya Wacheki wa Texas haikujengwa na Wacheki peke yao.

Ingia ndani utazame juu: dari ya buluu, nyota na malaika. Michoro hii ilifunikwa kwa rangi nyeupe katika miaka ya 1950, uamuzi mgumu kuuelewa leo. Wanaparokia waliirejesha miaka ya 1980.